Kitulo si ya simba

Mhariri,

Watu wakisikia hifadhi huuliza simba wako wapi. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kusini mwa Tanzania, hufuatwa maua. Mvua za Novemba zikishika, uwanda ule wa Makete, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, huanza kujaa okidi. Inama uzitazame: baadhi zina vipembe viwili nyuma ya ua, humo ndimo mna nekta, maji matamu ya ua. Mbayuwayu wa buluu nao huja kuzaliana majira hayo, wakipita chini chini juu ya nyasi.

Kinachoniudhi ni wachimbaji wa viazi vya okidi, vinavyovushwa Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha huko cha viazi hivyo na karanga. Kiazi kikishang'olewa, mmea umekwisha. Askari wa hifadhi hawawezi kulinda hadi nje ya mipaka yake. Halmashauri ziweke sheria ndogo kabla ya msimu.

Msomaji,
Makambako