Mikeka haijamkosea mtu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya vijana wa nyumba ya upataji nafuu hapa Moshi, wanaojitoa kwenye pombe na dawa za kulevya, wanaofanya yoga. Mwandishi wako aliwahoji wazee wawili na mchungaji, wote wakasema ni mambo ya mashetani. Vijana wenyewe hakumhoji hata mmoja. Chini ya picha mkaandika "Mateja wajinyoosha". Aibu.

Mdogo wangu wa mwisho yumo pichani. Alianza na mbege kama sisi sote huku Uchaggani, akahamia gongo, akaishia pombe kali ya dukani. Alipoiacha kwa mkupuo mikono ilitetemeka, akawa anaona watu wasiokuwepo, kisha akaanguka degedege. Kilichomwokoa ni hospitali, si yoga, na mwalimu wao wa yoga ndiye husema hivyo kabla ya mtu yeyote. Wenzake waliokuwa wakila unga, yaani heroini, wanakunywa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, kila siku mbele ya muuguzi. Mikeka ni ya zile saa nyingine. Jioni hamu inapanda, kifua kinabana, usingizi hauji. Amefundishwa kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole zaidi ya alivyoivuta, mpaka hamu ipungue. Na hupungua kweli. Sala anasali vilevile, tena kunishinda mimi.

Sasa, wiki ileile habari ilipotoka, ukumbi wa kanisa walioazimwa ukafungwa kufuli. Vijana wakaikuta mikeka yao nje, kwenye umande, na mlinzi hana la kueleza. Huo ni ukumbi ambao Jumamosi unakodishwa kwa sendofu: kreti za bia zimepangwa mpaka usawa wa dirisha, ndafu inakatwa, MC anawasimamisha wageni wagonge glasi, na mzee wa kanisa yuko meza ya mbele, chupa mbili mkononi kama mtu anayechagua viatu. Siku hiyo mashetani hayapo, yamepewa likizo! Wanaojinyoosha wapate kuacha pombe ndio wanaotia najisi sakafu.

Na tukiwa hapohapo kwenye pombe: viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku mwaka 2017, tukashangilia. Leo kuna vichupa vya pombe ileile. Grosari iliyo njiani kwenda shule ya msingi ya mtaani kwetu inafunguliwa kabla ya kengele, na bodaboda anayepakia watoto watatu anaipitia kwanza. Viongozi wa mtaa wanapita pale, wanasalimia, wanaendelea na safari.

Nataka ukumbi ufunguliwe Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi. Kufagia tutafagia wenyewe, na umeme hatuwashi. Mwandishi wako naye arudi na kamera yake, ila saa hiyohiyo aanzie pale grosari, awaulize wateja kuhusu mashetani. Akae mbali kidogo na mwenye kichupa.

Dada wa mmoja wao,
Majengo, Moshi