Hiyo CMV, shosti, haionekani kirahisi

Mambo vipi Rehema,

Voisi noti yako nimeisikiliza, eti inakuwaje CMV (kirusi cha cytomegalovirus) inakaa mwilini maisha yote na kinga ipo inaiangalia tu. Haiangaliwi shosti, inajificha, tena kwa uhuni wa hali ya juu!

Iko hivi, kila seli ina proteasomu, mashine ya kukatakata protini zilizochakaa, na protini ikitakiwa kukatwa inabandikwa kwanza yubikwitini, kilebo cha kuonyesha ikatwe. Sasa vipande vingine havipotei, vinadakwa na molekuli inaitwa MHC daraja la kwanza, inavipandisha mpaka juu ya seli, seli T, askari wa kinga, zikipita zinakagua kama mgambo anavyodai vitambulisho, zikikuta kipande cha kirusi seli hiyo inauawa.

CMV ina protini zake, US2 na US11, zinaivizia MHC ikiwa bado changa huko ndani kwenye retikulamu (karakana ya protini ndani ya seli), zinaisukumia nje kwenye saitoplazimu (ute unaojaza seli), inabandikwa yubikwitini, proteasomu inaimaliza ndani ya dakika chache tu. Yaani mashine ileile inayoandaa vipande ndo inamsaga anayevibeba, kirusi wala hakijaja na mashine yake 😂

Maabara ya Hidde Ploegh kule Marekani ndo walilionyesha hili 1996, na walivyolinasa naipenda mno, walizuia proteasomu kwa dawa, MHC ikaanza kujazana kwenye saitoplazimu ikiwa imenyofolewa sukari yake. Sasa sukari hiyo huwa inawekewa kulekule kwenye retikulamu, kwahiyo iliingia kwanza ndo ikatolewa, hamna namna nyingine.

Seli isiyo na MHC nayo inashtukiwa na seli za NK, askari wengine wa kinga, ila CMV hilo nalo imeliwahi, ina protini nyingine, UL40, ya kuzituliza. Na HIV ina mchezo unaofanana, protini yake Vif inaisukumia proteasomu A3G, protini yetu inayoharibu jeni za kirusi zikiwa zinanakiliwa.

Najua utauliza kwanini tusiizuie tu hiyo proteasomu. Dawa ipo, bortezomib, wanapewa wagonjwa wa saratani ya mailoma, ila kwa CMV hapana, ukiizuia umezuia na vipande ambavyo seli T zinavisubiri, halafu seli yenyewe bila proteasomu haifiki mbali, inakufa.

Msalimie mama, na ile nondo ya baiokemia nirudishie basi!

Neema