Waulizeni mwaka wa kumi: barua kwa vijana wa zabuni za reli

Wanangu mlioko kwenye kamati za zabuni, karakana na vyuo vya reli,

Salamu nyingi. Siku si nyingi mtaketi meza moja na watu wanaouza treni za kasi. Watakuja na video, na mfano wa kichwa cha treni wa kuweka mezani, na mwaliko wa kwenda kwao kuonja kilomita 300 kwa saa. Nendeni mpande, chai yao mnywe. Ila jueni kwamba kuendesha treni moja vizuri kwa siku moja hakumshindi mtu; la kuuliza ni hali itakavyokuwa mwaka wa kumi.

Mei 1998 Wafaransa na Wajerumani waliunganisha mabehewa ya TGV, treni ya kasi ya Kifaransa, na vichwa vya ICE, ile ya Kijerumani, ili kuwavutia Wataiwani waliokuwa wakitafuta treni za kununua, ikakimbia kilomita 316 kwa saa. Mwezi uliofuata, huko Eschede, Ujerumani, gurudumu la ICE lilipasuka na watu 101 wakafa. Gurudumu lile halikuwa chuma kimoja: lilikuwa na pete ya nje ya chuma, na kati ya pete na kitovu paliwekwa mpira ili abiria wasitikiswe. Pete ilichoka kidogo kidogo, ufa ukakua kwa ndani. Septemba 1999 Taiwan yenyewe ikapigwa na tetemeko kubwa. Desemba wakachagua treni za Japani.

Wajapani waliingia pale na kitu gani? Na rekodi ya nyumbani. Njia ya Tokyo hadi Osaka, kilomita 515, ilifunguliwa Oktoba 1964, na mpaka leo hakuna abiria wa Shinkansen, treni hizo za kasi za Kijapani, aliyekufa kwa treni kugongana au kuacha reli. Chini ya rekodi hiyo kuna kazi isiyo na fahari yoyote. Stesheni ya Tokyo treni husimama dakika 12. Kushuka 2, kupanda 3, zinabaki 7 za usafi. Humo ndani mfagiaji anaokota taka, anageuza viti vitazame mbele, anafuta meza za kukunja, anaangalia kilichosahaulika juu na chini, kisha kundi zima linajipanga nje na kuwainamia abiria. Wageni wanapiga picha na kwenda nazo kwao. Tangazo hilo halikulipiwa na mtu.

Hata hivyo kuuza nje kuliwatoa jasho. Njia ya Taiwan, kama kilomita 350, ilishachorwa kwa vipimo vya Ulaya: mahandaki mapana kuliko ya Japani, swichi za reli za Kijerumani, treni na ishara za Kijapani. Kila mmoja alijua kipande chake. Viungo kati ya vipande ndivyo vilivyokula muda. Ufunguzi uliopangwa Oktoba 2005 ukaja Januari 2007, tena wengi wa madereva wa mwanzo walitoka Ulaya kwa sababu wenyeji hawakuwa tayari. Treni zenyewe hazikuaibisha. Lakini Taiwan ilipotaka treni mpya, bei ilivutana miaka kadhaa kabla ya kuagiza 12 mwaka 2023. Aliyeshika mfumo wako ana kauli juu ya mfuko wako, na hilo hamtaliona kwenye video.

Mimi mfano ninaoupenda ni Moroko. Al Boraq, treni yao ya kasi, ilianza Novemba 2018, njia mpya ya kilomita 186 kutoka Tangier hadi Kenitra, treni 12 za Alstom, kampuni ya Kifaransa. Wamoroko hawakuishia kununua. Waliunda na Wafaransa kampuni ya matengenezo, wao hisa 60 kwa mia, na chuo cha reli mjini Rabat. Walipohitaji treni zaidi walirudi kwa Alstom ileile, hadi 18 nyingine. Mteja kurudi kwa hiari ndiyo sifa ninayoiamini.

Wahispania jina lao sasa liko Makka na Madina, kilomita 450, treni 35 za kampuni yao ya Talgo, na mahujaji wetu wanazipanda. Huko kipimo ni mchanga: unasaga magurudumu, unaziba kokoto za njia. Wachina waliipata zabuni ya njia ya Jakarta–Bandung, Indonesia, kwa ahadi kwamba hazina ya serikali haitaguswa. Gharama zikapanda kwa takriban dola bilioni 1.2, serikali ikatia mkono, na treni iliyongojwa 2019 ikaanza Oktoba 2023. Inakwenda vizuri, ila kila mnunuzi mpya anauliza kwanza habari za deni.

Tazameni pia kampuni inavyofanya siku ya msiba. Wenzhou, China, Julai 2011, treni mbili ziligongana, watu 40 wakafa. Kwa maoni yangu picha za mashine za kuchimba zikifukia behewa ziliharibu jina kuliko ajali yenyewe.

Basi chai ikiisha, ombeni daftari la ucheleweshaji la miaka 5, treni kwa treni, na sababu zake. Ombeni bei ya vipuri ifungwe kwa miaka 10: magurudumu, pedi za breki, vikusanya umeme vya juu ya paa. Mkataba utaje kampuni moja inayobeba viungo vyote, na idadi ya madereva wazawa wenye leseni siku ya ufunguzi. Mchongoko, treni yetu ya umeme ya Dar hadi Dodoma, unakwenda kilomita 160 kwa saa tu, lakini maswali ni haya haya. Na programu ya kusoma hitilafu iwe kwenye kompyuta ya karakana yenu, nywila mnayo ninyi, si fundi anayesubiri tiketi ya ndege.

Mzee wenu