Barua kwa Mama: habari za goti na za hela

Leicester, 9 Novemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Watoto wanaendelea na shule, mkweo yuko zamu ya usiku na anakusalimu sana. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila tukizungumzia hili goti, wewe unalia, mimi napandisha sauti, mtandao unakatika, na lile la maana linabaki halijasemwa. Mdogo wangu atakusomea. Nawe unayesoma, soma yote, usiruke ya hela. Yako mbele huko, na ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Nimekubali kupasuliwa. Hospitali wameshaniandikia, ni katikati ya Januari.

Najua Shangazi atasema kisu kikishaingia gotini hutembei tena sawasawa. Najua pia unataka nirudi nikakandwe na yule mzee wa Muheza aliyemuunga marehemu Baba mkono uliovunjika. Mzee yule simdharau hata kidogo. Lakini Baba alivunjika mfupa, na mfupa ukinyooshwa ukatulizwa hujiunga wenyewe, maana una damu ya kutosha. Kilichochanika kwangu si mfupa, wala si mshipa wa kukanda.

Unakumbuka ngata uliyokuwa ukiizungusha kwa kanga kuukuu kabla ya kujitwisha ndoo? Basi ndani ya goti kuna ngata mbili, moja upande wa ndani na moja upande wa nje, zimekaa kati ya mfupa wa paja na muundi ili uzito wa mwili usiponde mfupa juu ya mfupa. Zimeumbwa kwa gegedu, ile nyama ngumu inayonesa kama ya sikio. Yangu ya upande wa ndani imechanika kwa urefu siku ile ya mpira: uwanja umeloa, nimekanyaga, nikageuka, mwili ukaenda na mguu ukabaki. Kipande kilichochanika sasa kinatembea. Mara kinatulia mahali pake, mara kinajikunja na kuingia katikati ya kiungo, na hapo goti linajifunga. Si maumivu tu, Mama. Linakataa kunyooka kabisa mpaka niuzungushe mguu polepole, kitu kiruke humo ndani, ndipo lifunguke.

Mara ya mwisho lilijifunga kazini, bafuni, nimemshika mkono bibi mmoja wa miaka tisini na kitu. Tukasimama hivyo, kila mmoja amemshikilia mwenzake, hakuna anayeweza kwenda popote, mpaka mwenzangu wa zamu akaja. Bibi akanisogezea fremu yake ya kutembelea. Akaniambia niichukue, yeye ataomba nyingine.

Mnauliza kwa nini madaktari wamekaa muda wote huo bila kunipasua, kama vile wamenitelekeza. Hawakunitelekeza. Walianza na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na yamenisaidia, uvimbe umepungua na ngazi napanda. Huku siku hizi hawakimbilii kisu. Mtaalamu wa mazoezi alinisimulia utafiti wa Wafini uliotoka mwaka 2013: watu 146 ambao gegedu lao lilichanika kwa uchakavu tu, nusu wakakatwa kweli, nusu wakatobolewa matundu bila kukatwa chochote, wala hawakuambiwa nani ni nani. Baada ya mwaka hali zao zikawa sawa. Kwa hiyo mtu wa makamo mwenye goti linalouma kwa uchakavu, mazoezi kwanza. Mwambieni na mama mkubwa hilo, aache kumsumbua mwanawe atafute hela ya kwenda kupasuliwa Muhimbili. Mimi naingia kundi jingine: langu limechanika ghafla, na goti linajifunga. Goti la namna hiyo likiachwa, kile kipande huendelea kusaga kila kilicho jirani nacho.

Sasa, kupasuliwa kwenyewe kuna namna mbili, na hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Namna ya kwanza ni kukata. Wanatoboa matundu mawili madogo, kwenye moja kamera, kwenye jingine kifaa, wanaondoa kile kilichochanika na kulainisha ukingo. Unarudi nyumbani jioni ileile. Baada ya wiki chache unatembea vizuri, na kazi kama yangu ya kuinua watu unaianza ndani ya miezi miwili.

Namna ya pili ni kushona. Matundu ni yaleyale, ila kipande kinarudishwa mahali pake na kupigwa nyuzi. Hapo lazima kisubiriwe kishike: magongo wiki sita, goti limefungwa kifaa ili lisikunjike sana, kisha mazoezi ya miezi. Daktari bingwa aliniambia nisitegemee kumwinua mtu kitandani kabla ya miezi minne, pengine mitano. Na hata hivyo si hakika. Kama mmoja kati ya watano, mshono haushiki au unachanika tena, na anarudi kukatwa.

Kwa hesabu ya mtu mwenye familia, jibu ni kukata. Mkweo mwenyewe alisema hivyo, na hakukosea.

Lakini pale kazini kuna mzee mmoja, ujana wake wote alichimba makaa ya mawe upande wa Coalville. Aliponiona nachechemea akaniuliza, nikamweleza, akacheka, akapandisha suruali. Ana kovu refu la zamani pembeni mwa goti, na jingine jipya katikati limepita juu yake. Naye alichanika kama mimi, mgodini, kabla hajaoa. Enzi zile walikuwa wanafungua goti na kuitoa ngata yote, wanaitupa. Akarudi mgodini, akarudi na mpirani, akasahau. Alipofika hamsini mguu ukaanza kupinda tege, mfupa unasaga mfupa. Akawekewa goti la chuma na plastiki, nalo likachakaa, wakambadilishia. Siku hizi mimi ndiye ninayemvalisha soksi.

Waliomkata hawakuwa na nia mbaya. Mwaka 1897 daktari mmoja mkubwa wa London aliandika kwamba gegedu lile ni masalia ya misuli tu, halina kazi. Ilipofika 1948 daktari mwingine, Fairbank, akaonyesha kwa picha za eksirei namna goti linavyobadilika likishanyang'anywa, na bado waliendelea kuyang'oa kwa miaka mingi. Kinachoniudhi mimi ni kwamba kushona kulikuwa kumeshafanyika zamani sana. Huko Edinburgh, mwaka 1883, Thomas Annandale alimshona mgonjwa gegedu la goti akapona, na mgonjwa mwenyewe alikuwa mchimba makaa. Nilimwambia mzee habari hiyo. Akatoa tusi moja la mgodini ambalo mdogo wangu hawezi kukusomea.

Siku hizi hawatoi yote, wanapunguza pale palipochanika tu. Lakini kadiri wanavyoondoa zaidi ndivyo uzito unavyoangukia mfupa, na kazi yangu mimi ni uzito. Nina miaka thelathini na minane. Mdogo wangu, wewe na Tottenham yako, unamkumbuka Ledley King? Gegedu la goti lilimwishia, akawa hawezi kufanya mazoezi na wenzake wiki nzima, siku ya mechi anaingia anacheza kama mfalme, mpaka 2012 akastaafu na miaka 31. Yeye klabu ilimvumilia. Mimi nikilala wiki nzima nikatokea Jumamosi, nitakuta jina la mtu mwingine kwenye ratiba.

Basi nimemwambia daktari ashone kama panashonika. Nasema kama, kwa sababu gegedu hili lina damu ukingoni tu, kwenye mzingo wake wa nje. Huko ndiko mshono hushika. Kuelekea katikati yake hakuna damu, ukishona unapoteza uzi. Picha ya MRI inaonyesha mpasuko wangu uko karibu na ukingo, lakini atahakikisha akishaingiza kamera, nami nitakuwa nimeshapigwa nusu kaputi. Nimetia saini karatasi inayomruhusu yote mawili. Hilo ndilo gumu kuliko yote: nitalala sijui nitaamka mtu wa wiki chache au mtu wa miezi mitano.

Sasa hela.

Operesheni silipii, huku inatoka kwenye kodi tunayokatwa. Tatizo ni mshahara. Mwajiri wangu haongezi kitu juu ya kile sheria inachomlazimisha, na kwa mwaka huu wa 2025 sheria inamlazimisha pauni 118.75 kwa wiki, siku tatu za mwanzo bila malipo. Kodi ya nyumba peke yake inazimeza na kuomba nyingine. Mkweo ameomba zamu za ziada, lakini naye ni binadamu, na mimi nitakuwa na magongo, watoto atawapeleka shule yeye.

Kwa hiyo kuanzia Februari sitatuma kama kawaida. Ada ya Januari ya kitinda mimba wetu nimeshaitenga, itakuja kabla sijalazwa. Dawa zako za presha usiziwaze, mkweo amesema hizo ni juu yake, na usimwombe kingine chochote zaidi ya hizo. Bati zisubiri. Najua fundi ameshapokea nusu na atakuja kusimama mlangoni. Mwambieni mbao zikae kavu, pale panapovuja wekeni turubai kabla ya masika, nami nitammalizia nikirudi kazini. Michango ya harusi, ya watu wote, jibu ni moja: yuko kwenye magongo.

Kaka, najua nawe utasomewa hii, au utaisikia. Sijawahi kukuandikia kuhusu hela na sipendi kuanza leo mbele ya Mama. Ila ada ya muhula wa pili itakuwa yako. Duka linatembea, naliona kwenye picha unazoweka. Ukishindwa niambie mapema, usiniambie siku mtoto amerudishwa nyumbani.

Mdogo wangu, video zako za tiba za goti nimezitazama zote. Ya bamia zilizolowekwa usiku kucha nimeitazama mara mbili maana yule bwana anaongea vizuri. Bamia napenda, na kongoro huku nalipata kwa mchinjaji Msomali, nakunywa supu yake kila nikilipata. Lakini tumbo halina habari kwamba lile lilikuwa goti la ng'ombe. Linalisaga kama chakula kingine. Na hii habari ya "mafuta ya goti yameisha", ute upo, tena mwingi, goti likivimba ndio huo umejaa. Ile ya kuotesha chembe za gegedu maabara na kuzirudisha gotini ni ya kweli, Wasweden walitangaza matokeo yao mwaka 1994, na hapa Uingereza imeruhusiwa kwa fedha za umma tangu 2017, ila kwa kidonda cha zaidi ya sentimita mbili za mraba. Hicho ni kwenye lile gegedu jingine, linalofunika ncha ya mfupa. Mimi huko nimeparuzika kidogo tu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, daktari kasema tuliache.

Mama, uliniuliza nasalije. Nasalia kwenye kiti, Mama. Msikitini kwetu kuna safu nzima ya viti nyuma, nilidhani ni ya wazee, kumbe nusu yake ni madereva wa teksi na watu wa maghala wa umri wangu. Imamu hajaniuliza kitu. Kusujudu kwa goti lililokunjwa lote kutachelewa sana, na kuchuchumaa ndio kabisa, daktari amekataza kwa miezi mingi kama akishona. Kwa hiyo nikija Desemba ya mwaka kesho, inshallah, itabidi tuzungumze na fundi choo cha kukaa. Akikwambia anaweza kuanza sasa hivi kwa zile hela za bati, mkatalie.

Na ile habari ya kukandwa nimeiulizia. Goti lenyewe hapana, mpaka vidonda vifunge na wao waseme. Paja ruksa. Paja langu la kushoto limekonda, ukiyaweka mawili pamoja utadhani ni ya watu wawili, na hapo mkono na mafuta ni halali. Kuna dada wa Pongwe anarudi huku mwisho wa Desemba, mdogo wangu anayo namba yake. Mpe chupa moja ya mafuta ya nazi, yale ya kupika mwenyewe, ayafunge vizuri kwenye mfuko asije akaharibu nguo zake. Usitie karafuu nyingi, wazee wa kazini watanisikia harufu.

Siku yenyewe msipige. Mkweo atapiga nikishaamka, na jambo la kwanza atakalokwambia ni wameshona au wamekata. Na tafadhali, mtu asiniombee dua ya kukatwa ili hela irudi mapema. Nawajua.

Msalimie Shangazi, mwambie namwamkia na sijakasirika.

Mimi mwanao