Riwaya ya binti yetu haikutoka ng'ambo

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa nashika chaki, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Taarifa yenu ya Jumamosi kuhusu binti wa hapa Tanga aliyetoa riwaya yake ya kwanza ya kifantasia, yaani ya mambo ya ajabu yasiyotokea duniani, imenishinda.

Mwandishi wenu anasema binti huyu "ametuletea" aina ya hadithi waliyoizoea Wazungu. Ameileta kutoka wapi? Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui hapa hapa Tanga, alitoa Kusadikika mwaka 1951. Humo nchi nzima inaelea angani na inatuma wajumbe mpaka mbinguni. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, ambamo mtawala huamka usiku kuwachapa manyani wawili, kumbe ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa. Kama hiyo si fantasia, basi ni nini? Wala naye hakuanza yeye. Nani kati yetu hakulala akiogopa zimwi baada ya bibi kusema paukwa?

Kisha mwandishi wenu akamuuliza binti huyu kama wazazi wake hawaogopi ushirikina. Mtoto wa watu kakaa miaka akiandika, halafu anaulizwa hilo! Kitabu mimi nimekisoma mpaka mwisho, mara mbili. Yule msichana wa kwenye hadithi anakwenda kwenye magofu ya kale ya Tongoni wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana, anatia mkono kwenye kishimo cha nguzo ya kaburi, pale palipong'olewa sahani ya kale, na anasikia sauti za mabaharia wakimuuliza sahani yao iko wapi. Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Mwandishi wenu hakuitaja Tongoni hata mara moja, na naona wazi kwamba kitabu chenyewe hakukifungua.

Kukipata ilikuwa kazi. Duka la kwanza kijana akaniuliza, "Kiko kwenye silabasi?" Nikamwambia hakimo. Akasema wao wanauza vya kiada tu. Duka la pili jibu likawa hilo hilo. La tatu wakanielekeza steshenari ya jirani. Hapo nikamkuta kijana niliyemfundisha darasa la sita, akanipa shikamoo ya heshima kabisa, akainama chini ya meza na kuniletea kitabu cha binti yetu kimetolewa kopi na kufungwa spairo. "Elfu tano tu, mwalimu." Nikakipekua nimesimama. Kwenye kila ukurasa wa kushoto kulikuwa na kivuli cheusi cha kidole gumba cha aliyekuwa akikibana kwenye mashine, na kwenye kurasa nyingine kidole kimeyafunika maneno. Nikamuuliza kijana huyo, binti aliyekiandika anapata ngapi hapo. Akacheka, akasema, "Mwalimu, si angalau watu wanamsoma?" Kijana huyo ana duka, anauza. Wino analipia, karatasi analipia, umeme analipia. Aliyekesha kuandika ndiye peke yake asiyelipwa. Sikukinunua. Nilimtafuta binti mwenyewe, nikachukua nakala yake halali kwa elfu kumi na tano, akanitolea kwenye mfuko wa rambo maana hana pa kuziweka.

Na nyinyi pia, Mhariri, mnahusika. Zamani magazeti ya Kiswahili yalikuwa na hadithi za mfululizo, na watu walikuwa wakilisubiri gazeti kwa ajili ya hadithi tu. Siku hizi ukurasa mzima ni mikeka ya kubashiri mpira. Wajukuu zangu wanazijua odi za timu za Ulaya kuliko wanavyojua methali.

Nawaomba hivi. Ukurasa wa mikeka wa kila Jumamosi upeni hadithi, maneno elfu moja, ianze ya binti huyu, na alipwe kabla gazeti halijapelekwa mtamboni. Chini yake andikeni namba ya simu ya kununulia kitabu halisi. Halafu mwandishi wenu arudi kumhoji upya. Kama hana kitabu, aje Ngamiani nimwazime changu kwa siku saba, na akifika ukurasa wa Tongoni asome kwa sauti.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga