Barua ya wazi kwa Mkurugenzi kuhusu autoklevu ya maabara yetu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani kuhusu autoklevu yetu mbovu, ule mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke wenye mgandamizo, kwa sababu barua zangu 3 nilizopitisha kwa katibu muhtasi wako hazijajibiwa.

Jumatatu iliyopita nilifungua chumba cha giza nikakuta mifuko 40 ya uyoga imegeuka kijani. Utando wa uyoga ukiwa mzima huwa mweupe kama pamba, unanukia uyoga mbichi. Ile ilinuka kama gunia lililolala majini. Nimeizika mwenyewe nyuma ya maabara, yote.

Kazi yenyewe unaijua, uliisifu mbele ya wageni. Tunachukua mabaki ya mkonge yanayotemwa na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, baada ya singa (nyuzi ndefu) kutolewa, tunayapandia mbegu za uyoga mamama. Nyuzi za uyoga zinayafuma hadi yanakuwa kipande kimoja chepesi, kigumu. Nilichoongeza mimi ni nanoselulosi: nyuzinyuzi za mkonge huohuo, zilizosagwa hadi unene wake unapimwa kwa nanomita, na milimita 1 ina nanomita milioni 1. Chembe za fedha au zinki za ukubwa huo zinaweza kuua kuvu, na uyoga ni kuvu. Selulosi ni chakula cha uyoga, ndiyo maana niliichagua. Lakini ni jeli, inashika maji mengi, na penye maji ukungu wa kijani hauchelewi. Mfuko wa namna hiyo, kabla ya kupandwa, unataka mvuke wa nyuzi joto 121 za Selsiasi chini ya mgandamizo, yaani autoklevu. Pipa langu la mkaa, ninaloliwasha saa 10 alfajiri uani kwa mama mwenye nyumba, linaishia nyuzi 100.

Mwezi Machi ulisimama mbele yetu ukasema autoklevu itatengenezwa ndani ya wiki 2. Sasa ni Oktoba. Fundi alikuja mara moja, akagusa mlango, akasema ni mpira tu. Mimi nadhani hata kipima mgandamizo kimekufa. Wenzangu wanasema fungu lilihamishiwa ukumbini. Sina ushahidi, ila ukumbi umepakwa rangi mpya.

Mwaka 2018 watafiti wa Stevens Institute of Technology, Marekani, walichapa kwa printa nanoriboni za grafini (vipande vyembamba mno vya kaboni vinavyopitisha umeme) pamoja na sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea) juu ya uyoga wa kawaida unaouzwa dukani, wakaumulika, ukatoa umeme kidogo. Uyoga, Mheshimiwa! Sisi tunao, na mkonge tunao.

Ufadhili wangu unaisha Desemba. Mkaa naununua kwa hela ya chakula, na mama mwenye nyumba ameshaniambia moshi umemchosha.

Naomba mpira wa mlango. Hilo tu, mpira wa mlango. Kama fungu halipo, niandikie ruhusa nimlete fundi kwa gharama yangu. Nimeshaongea naye, anaweza Jumamosi. Naomba mlinzi aambiwe atufungulie.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa uzamili, chumba cha uyoga