Ihesabiwe mikoko iliyo hai, si iliyochomekwa

Mhariri,

Serikali inataka ipandwe miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, haikuachwa nyuma katika kupigwa picha topeni. Kasoro iko kwenye kipimo: kinachoandikwa ni miche iliyochomekwa siku hiyo.

Kila aina ya mti wa mikoko ina makazi yake. Mlilana husimama mbele baharini, nyuma yake mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa. Mchu hufika hadi juu, upande wa nchi kavu, kwenye chumvi kali. Miradi hupenda mkoko kwa kuwa mbegu yake ndefu haitaki kitalu: waichomeka theluthi moja topeni, umemaliza. Tena huchomekwa kwenye tope tupu la mbele, pasipogombewa na mtu, ambapo maji hukaa saa nyingi mno. Mche hufukiwa na mchanga, au vigamba vya baharini huushika shina mpaka ukalala. Tope lisilowahi kuota mkoko lina sababu yake.

Palipokatwa boriti au kuni za tanuu za chokaa pasiote tena, kwanza itazamwe kama maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huingia na kutoka. Kijito kikizibwa na tuta la barabara, maji hutuama, jua huyakausha, chumvi hupanda, hata mchu hudumaa. Kukizibua kwa majembe kwaweza kuzidi miche 10,000, ambayo ndiyo ya hekta moja kwa nafasi ya mita 1, maana mbegu zitaletwa na maji bure iwapo miti mama iko karibu.

Na hewa ukaa? Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haiko mtini, iko topeni, ambako majani na mizizi haiozi upesi kwa kukosa hewa. Ukikata na kukausha, hewa huingia na kilichowekwa kwa karne nyingi hutoka. Ndiyo maana hekta iliyosimama ilindwe kabla ya kufikiria miche.

Mikataba ya upandaji ilipwe hivi: theluthi baada ya kijito kuzibuliwa na miche kuingia, theluthi baada ya miezi 12, iliyobaki baada ya miezi 36, kwa idadi ya miti hai ndani ya viwanja vya mita 10 kwa 10. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaipa jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya kaboni, yaani fedha za kuuza hifadhi ya hewa ukaa, kwa miradi ya ardhi. Lakini mnunuzi halipii mche uliokufa. Wenzetu wa Gazi, Kwale, ambao mradi wao wa kuuza kaboni ya mikoko ulianza 2013, huipima miti yao.

Hesabu ifanywe maji ya bamvua yakiwa yamekupwa, na mkata boriti wa pale awemo: yeye hutofautisha muia na mkandaa bila kusoma kibao.

Msomaji,
Mkomani, Lamu